Bakuli la Mbwa Sebuleni

Wale mliopiga simu gazetini wiki nzima kuuliza kama kweli bakuli la mbwa linaweza kuongea, jibu ni ndiyo. Liliongea. Na lisingeongea, saa hizi Gerald angekuwa anapima suti, na mimi ningekuwa natafuta kazi nyingine.

Kwa aliyekuwa shambani akalikosa gazeti, nakupa kwa ufupi. Tuko Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, sebuleni kwa Mzee Sostenes, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Ni mchana. Kesho yake ukoo mzima unakwenda Ihanja kumposa Aneth, binti wa Mzee Melkizedeki, kwa ajili ya Gerald, kijana wa pekee wa kiume wa Sostenes. Wamekaa kupanga maneno. Mshenga ni Mzee Gaspari, mtu ambaye hata ukimsalimia anakujibu kwa methali. Yupo mama mwenye nyumba, Dina. Yupo Shangazi Agnes, dada yake Sostenes. Yupo Gerald mwenyewe, na soda yake.

Na juu ya kabati lipo bakuli.

Bakuli hilo lililetwa na Esta, binti mkubwa wa nyumba hiyo anayefanya kazi Dar es Salaam, na alilileta kwa sababu nzuri. Mbwa wa baba yake akishikwa na njaa anaruka uzio na kula kuku wa jirani. Sasa hii ni mashine ya kisasa. Unaijaza chakula, halafu popote ulipo unabonyeza simu, chakula kinamshukia mbwa. Ina kamera umwone anavyokula. Ina spika umwite. Inasikia hata akibweka. Esta akaiunganisha na intaneti ya nyumbani, akarudi Dar roho ikiwa imetulia.

Alipoondoka tu, Sostenes akakitazama kile kitu, cheupe, kinang'aa, kina taa ya bluu, akasema kitu cha gharama namna hii hakiwezi kulala nje na mbwa. Akakiweka sebuleni, kando ya picha ya harusi. Mama Dina akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, ila akaacha jicho la kamera wazi, maana lilipendeza. Mbwa haruhusiwi kuingia ndani. Hajawahi kuliona bakuli lake hata siku moja.

Tulipoishia, Shangazi Agnes alikuwa anatoa maoni yake kuhusu bibi harusi mtarajiwa, ambaye ana duka la pembejeo pale barabarani Ihanja.

"Kimbaumbau yule!" alisema. "Upepo wa hapa ukivuma vizuri tutakwenda kumwokota Manyoni. Halafu ananuka dawa ya viwavi."

Na bakuli, kwa sauti ya mwanamke kijana, likasema:

"Eti nini?"

Haya, twende sasa.

Mzee Gaspari ndiye aliyesimama wa kwanza. Msidhani ni ujasiri. Alisimama ili awe karibu na mlango.

"Ushindwe!" alilipigia bakuli kelele. "Ushindwe na ulegee!"

Bakuli likanyamaza.

"Ni Esta huyo," Mama Dina akasema, mkono kifuani.

"Esta hana sauti hiyo," Shangazi Agnes akasema. "Hiyo ni sauti ya mtu aliyekasirika."

Kila mtu aliuliza ni nani aliyesema, isipokuwa Gerald. Yeye alikuwa amebadilika rangi tu. Kama uliliona hilo, wewe ni msomaji wa kweli.

Sostenes akampigia binti yake.

"Shikamoo baba. Niko kikaoni."

"Marahaba. Ni wewe uliyesema 'eti nini'?"

"Lini?"

"Sasa hivi. Humu kwenye bakuli."

"Baba, hilo bakuli liko wapi?" Esta akauliza.

"Liko mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

"Sebuleni. Juu ya kabati."

"Na mbwa?"

"Yuko nje. Esta, anayeuliza maswali ni mimi."

Ikasikika sauti ya kiti kikivutwa huko Dar, halafu mlango ukifungwa. Esta alikuwa ametoka kikaoni.

"Baba, nisikilize. Hao watengenezaji wanauza mabakuli yote na paswedi moja, sifuri nne. Kila mtu duniani anaijua. Nilikwambia ubadilishe. Ulibadilisha?"

"Siku ile ile. Unanionaje?"

"Ukaweka nini?"

"Mambo ya siri hayasemwi kwenye simu."

"Baba!"

"Jina la mbwa," Sostenes akasema.

Wasomaji wangu wa Dodoma na Dar huenda hawajashtuka. Ngoja niwaeleze. Huku kwetu mbwa hapewi jina ili aitike. Anapewa jina ili jirani asikie. Ukigombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba humtukani, maana utaitwa kwa mtendaji. Unafuga mbwa. Mbwa wa Sostenes anaitwa Mtachoka, na aliyekusudiwa kuchoka ni Mama Scholastika, mjane wa upande wa pili wa uzio, mwenye wale kuku. Kila jioni Sostenes husimama uani, hugeuza uso kwa jirani na kupaza sauti: "Mtachoka! Weee Mtachokaaa!" Anarudia mpaka aridhike.

Basi hilo ndilo neno la siri.

"Na namba ya kuingilia uliweka ipi?" Esta akauliza, sauti imeshuka.

"Namba yangu ya simu."

"Ile iliyoandikwa kwenye ukuta wa mashine?"

"Kwa rangi nyekundu," Sostenes akajibu kwa fahari.

Esta akaingia kwenye simu yake kutazama. Waliokuwa sebuleni walimsikia akivuta pumzi.

"Baba, ukitoa simu yangu na yako, kuna simu nyingine tisa zimo humo. Na nne zinawaangalia sasa hivi."

Shangazi Agnes akavuta kitenge akajifunika kichwa. Mama Dina akatazama suruali ya mumewe, ile ya kushindia iliyotoboka gotini, akaona aibu ya wiki kadhaa kwa mkupuo mmoja.

"Chomoa waya," Esta akasema. "Sasa hivi. Kisha mimi nitabadilisha..."

Sostenes akakata simu. Hapendi kuamriwa na watu aliowasomesha mwenyewe.

Hajaurudisha mkono, hodi mlangoni. Mama Scholastika huyo, kikombe kitupu mkononi.

"Hamjambo humu? Nimekuja kuomba chumvi."

Mtu anayekuja kuomba chumvi Singida ana lake jambo. Ziwa lenyewe lina chumvi.

"Hatuna," Sostenes akasema.

"Hata kidogo? Haya. Mzee Gaspari, shikamoo. Hivi huo mwanzo wako wa maneno ya posa, wa kupoteza mtamba, huoni kwamba umezeeka? Ihanja kila mposaji anawaambia amepoteza mtamba. Tafuta kingine."

Gaspari akaduwaa. Mwanzo huo alikuwa ameutaja humo ndani, milango imefungwa, dakika chache tu zilizopita.

"Umejuaje habari za mtamba?"

Mama Scholastika akatazama dari. Akatazama kikombe. Mwisho akaona isiwe shida, akavuta kiti akakaa.

"Sasa nifiche nini, na mimi ni mtu mzima? Esta mwenyewe alinionyesha hiyo apu alipolileta. Akaniambia mama, sasa mbwa atashiba, kuku wako watapona. Neno la siri unanitangazia wewe kila jioni kwenye uzio, nikadhani unanikaribisha."

"Umekuwa unatuchungulia ndani kwetu!"

"Tangu lije. Nilitaka nimwone mbwa akila, moyo wangu utulie. Mbwa sijamwona. Nimewaona ninyi tu mkila."

Hapo hata Mama Dina alicheka, akakohoa haraka kuficha.

"Na hiyo sauti ilikuwa yako?" Shangazi Agnes akamkazia macho.

"Mimi? Mimi nikitaka kusema na ninyi napanda kwenye uzio. Ila pale kwenye kimbaumbau nilicheka, usinidanganye kwamba hukujiona umechekesha. Baadaye nikamwonea huruma yule mtoto wa watu."

Shangazi Agnes akamjibu kwa Kinyaturu, maneno ambayo mhariri wangu amekataa kuyachapa. Mama Scholastika akanyanyuka, akapita jikoni, akajichotea chumvi, akaaga.

Mlango ulipofungwa, Gerald akasema kwa sauti ndogo:

"Baba. Ile sauti ni ya Aneth."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Rudia," Sostenes akasema.

"Nilimpa neno la siri mimi. Anampenda Mtachoka. Nikamwambia atakuwa anamwona. Mbwa hakuonekana, basi tukawa tunaongea sisi. Jioni nikitoka kazini nakaa hapo kwenye kochi, naye yuko dukani kwake."

"Unaongea na mchumba kupitia bakuli la mbwa? Simu huna?"

"Simu inakula bando langu. Bakuli linakula la kwako."

Sostenes alitaka kukasirika kwa hili, lakini palikuwa na jambo kubwa zaidi. Mama Dina ndiye aliyelisema.

"Kwa hiyo mtoto wa watu amesikia?"

"Amesikia yote, mama. Nampigia hapokei." Gerald akasimama, funguo za pikipiki mkononi. "Naomba niende Ihanja sasa hivi nikamwombe radhi. Asipokubali kesho, mimi sina mwingine."

"Kaa chini," baba yake akasema. "Mwanamume anayeomba radhi kabla ya posa atapiga magoti mpaka uzeeni."

Na Gerald akakaa.

Jamani! Kijana ana ndevu, gunia la alizeti analibeba peke yake, akiambiwa kaa anakaa. Na kumbuka, shangazi alipomchambua yule binti, Gerald alikuwepo pale pale. Alikuwa anatazama chupa ya soda. Hapa ndipo mimi na huyu kijana tulipokosana, nawaambia wazi, na mkeo au dada yako akisoma hapa atakubaliana na mimi.

Sostenes akazunguka sebule mara kadhaa, akasimama mbele ya bakuli, akakivuta kitambaa mpaka likafunikwa lote. Kisha akawaita wote jikoni.

"Kama anasikia," akasema, "basi asikie."

"Asikie nini?"

"Asikie tunavyompenda. Jioni tunakaa kikao kingine mbele ya bakuli. Kikao kizuri."

Mama Dina akasema huo ni uongo. Gaspari akasema si uongo, ni masahihisho. Shangazi Agnes akakataa katakata mpaka alipoahidiwa kitenge kipya cha sare, ndipo akaanza kuona kwamba binti yule ana mazuri yake.

Jioni ikafika. Bakuli likavuliwa kitambaa, likafutwa vumbi. Sostenes alikuwa amevaa koti. Gaspari alikuwa amevaa koti na miwani ya kusomea, ingawa hapakuwa na cha kusoma. Walikaa wote upande mmoja wa meza, wakitazama kabati, mfano wa watu wanaopigwa picha ya kipaimara.

"Ndugu zangu," Sostenes akaliambia bakuli, "tumekutana leo, kwa mara ya kwanza, kumzungumzia yule binti wa Ihanja."

"Kwa mara ya kwanza kabisa," Gaspari akasema.

"Mimi binafsi nampenda sana. Baba yake pia ni mtu wa heshima. Shangazi, wewe unasemaje?"

Shangazi Agnes akameza mate. "Binti mzuri. Mwembamba. Yaani si mwembamba. Ni mwembamba wa kupendeza. Na upepo... upepo hauna shida naye."

Gaspari akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Na harufu yake..."

"Achana na harufu!" Mama Dina akanong'ona, mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani.

Kutoka upande wa pili wa uzio ikaja sauti ya Mama Scholastika: "Ongezeni sauti! Huku inakatika!"

Wakajifanya hawajasikia.

"Mwisho, Gerald mwanangu," Sostenes akasema, akilitazama bakuli badala ya mwanawe, "sema neno kuhusu mchumba wako."

Gerald akainua uso. Taa ya bluu ilikuwa inawaka. Alijua nani yuko nyuma yake. Alijua kwamba angeweza kusema "Aneth, nisamehe," maneno mawili tu, na mambo yangeisha hapo. Baba yake alikuwa anamtolea macho.

"Sina cha kuongeza," Gerald akasema.

Nilitaka kulitupa gazeti langu mwenyewe.

Basi baada ya muda mashine ikanguruma ndani kwa ndani, na kile chakula kikavu cha mbwa alichokijaza Esta siku ya kwanza kikaanza kushuka. Kikashuka, kikajaa, kikamwagika juu ya kabati, kikaangukia zulia, kikaendelea kushuka mpaka kikaisha chote. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amebonyeza bila kuachia.

Walitazamana.

"Amekubali!" Gaspari akapiga makofi. "Mnaona? Ametukaribisha chakula!"

Na wakalala wakiamini hivyo.

Kesho yake gari la kukodi likawashusha Ihanja, wakiwa na zawadi na makoti yao. Kwa Mzee Melkizedeki mambo yalikuwa mazuri kupita walivyotarajia. Viti vimepangwa, shikamoo zimeitikiwa, harufu ya kuku wa kukaanga inatoka jikoni. Melkizedeki ni mtu mkubwa, mkimya, mkulima wa alizeti na uwele. Msemaji wa upande wake alikuwa mdogo wake, Mzee Antipasi.

"Wageni, mmepotea njia au mmekuja kwetu?" Antipasi akauliza kwa heshima.

Gaspari akasimama. Neno mtamba lilikuwa ulimini, lakini akakumbuka kwamba limeshavuja. Akababaika, akashika kilichokuwa karibu na pua yake.

"Sisi tumepoteza kuku," akasema.

"Kuku?" Antipasi akakunja uso. "Binti yetu ni kuku?"

"Wa kienyeji," Gaspari akafafanua, akaharibu zaidi.

Ghafla Melkizedeki akaanza kucheka, mabega yanatikisika, na wote wakacheka, na ugumu wote ukaisha. Sostenes alijiegemeza kwenye kiti. Alimtazama Gerald kwa jicho la kusema, unaona baba yako?

Likabaki jambo moja. Mnajua desturi. Chakula hakiletwi mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya wote kama anawafahamu wageni. Akisema anawafahamu, vigelegele. Akisema hawafahamu, wageni wanachukua kofia zao. Siku hizi watu wanalichukulia kama utaratibu tu, na hakuna aliyewahi kumsikia binti akisema siwafahamu.

Aneth akaingia, kitenge kipya, akapiga magoti akasalimia wakubwa wote. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtulivu. Gerald alimtafuta macho. Hakuyapata.

"Aneth mwanangu," Melkizedeki akasema, "wageni hawa wanasema wametoka Unyambwa. Unawafahamu?"

Wanawake waliokuwa mlangoni walikuwa wameshaweka ndimi tayari.

"Baba," Aneth akasema, "unaniuliza wale wa jana mchana, au hawa wa jana jioni?"

Ndimi zikarudi mahali pake.

"Wageni wamekuja leo, mwanangu."

"Wale wa jana mchana nawafahamu. Walisema mimi kimbaumbau, upepo ukivuma wataniokota Manyoni. Walisema nanuka dawa ya viwavi. Wale walikuwa wanasema yaliyo moyoni, siwalaumu. Hawa wa jana jioni walikuwa wamevaa makoti. Walisema mimi ni mwembamba wa kupendeza. Hao siwafahamu, baba."

Melkizedeki akageuka polepole. "Jana ulikwenda Unyambwa?"

"Hapana. Nilikuwa dukani. Niliwaona kwenye bakuli la mbwa."

Antipasi akamsogelea kaka yake, akamuuliza kwa kunong'ona kama binti yuko salama kichwani.

"Lipo sebuleni kwao, baba mdogo," Aneth akasema, maana alisikia. "Juu ya kabati."

"Mbwa wao anakulia juu ya kabati?"

"Wazee wangu," Gaspari akaingilia, "wahenga walisema..."

"Waache wahenga wapumzike," Melkizedeki akamkata.

Sostenes akaona mambo yanaharibika, akachagua kushambulia. "Mzee mwenzangu, tuseme ukweli! Binti anachungulia nyumba za watu? Ndiyo malezi hayo?"

"Neno la siri nilipewa na mwanao," Aneth akamjibu, bado amepiga magoti, sauti haijapanda hata kidogo. "Na jana jioni ulijua nakuangalia, ndiyo maana ukavaa koti."

"Ulivaa koti, Sostenes?" Melkizedeki akauliza.

Sostenes alikuwa amelivaa lile lile.

"Maneno ya shangazi hayakuniumiza sana, baba," Aneth akaendelea, na sasa machozi yakaanza kumtoka, akayaacha yatiririke. "Mashangazi wote wana maneno, hata mimi ninao. Kilichoniumiza ni huyu." Akanyoosha mkono kwa Gerald bila kumtazama. "Huyu alikuwepo mchana, na jioni alikuwepo. Mchana alitazama soda mpaka nikazima simu. Jioni akaulizwa, akasema hana cha kuongeza. Nilishika simu mpaka mkono ukafa ganzi, nasubiri sauti moja tu. Mbwa wa watu mtu akimgusa, mwenyewe anapiga kelele. Mimi nimesemwa, huyu amenyamaza."

Mama Dina akajifuta macho kwa kitenge. Nyuma ya mlango kuna mwanamke alisema "Eeh!" akazuiwa na wenzake.

Melkizedeki hakuwa anacheka tena. "Basi mwanangu, nakuuliza mara ya mwisho, na ukisema nimeshasikia. Hawa watu unawafahamu, au huwafahamu?"

Aneth akafungua mdomo.

"Mzee, naomba asijibu kwanza."

Alikuwa Gerald, amesimama. Mposaji hasemi siku ya posa, hilo hata mtoto mdogo analijua. Gaspari akamvuta shati. Gerald akautoa mkono wa Gaspari kidole kimoja kimoja.

Hakumgeukia Aneth. Alimgeukia Shangazi Agnes.

"Shangazi. Simama umwombe radhi Aneth. Hapa, mbele ya baba yake."

"Gerald, kaa chini!" Sostenes akasema.

"Leo sikai, baba. Akimaliza shangazi, unafuata wewe, halafu mimi, maana kosa langu ndilo kubwa kuliko yenu wote. Kama hamtaki, gari lile pale. Rudini Unyambwa, mimi siji."

Mtoto wa Sostenes, yule yule wa soda!

Macho yote yakahamia kwa Shangazi Agnes. Huyu ni mwanamke ambaye neno samahani halijawahi kumtoka. Alipommwagia mtendaji chai ya moto, mtendaji ndiye aliyeomba radhi. Inasemekana hata kwenye kitubio huwa anaungama dhambi za majirani. Alimtazama Gerald, kijana aliyemlea mgongoni mwake. Alimtazama Aneth, aliyekuwa bado chini, amepiga magoti, anangoja.

"Shangazi," Gerald akasema tena, sasa akimsihi. "Nakuomba."

Shangazi Agnes akajiweka sawa kitenge. Akasimama. Akainama, akachukua mkoba wake uliokuwa chini ya kiti, akautia begani. Alikoelekea, nitawaambia wiki ijayo.